Jinsi ya Kupima Kama Filamu ya Shujaa Imeitendea Haki Katuni Yake

Jumamosi moja ya mwezi Juni, wakati baridi ya Mbeya inapowafanya watu wasogeleane bila kuambiwa, vijana wanne waliokuwa wakitoka kwenye banda la video pale Mwanjelwa walinisimamisha ili niwaamulie ubishi wao. Mmoja alishikilia kwamba filamu ya Spider-Man ya mwaka 2002 imeisaliti katuni, kwa kuwa ndani yake utando hutoka mwilini mwa kijana mwenyewe, ilhali katika katuni kijana huyo hubuni kifaa cha kurushia utando na kukifunga mkononi. Mwenzake alijibu kwamba jambo hilo ni dogo, maadamu steringi ni yule yule. "Mwalimu, tuamulie wewe," wakasema, "nani kapatia?" Niliwaomba wanipe wiki moja, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesema kweli na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima kitu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukikutana sebuleni kwangu, birika la chai ya Rungwe likiwa mezani, tukishughulikia filamu moja na katuni moja katika kila kikao. Yafuatayo ni maelekezo ya namna tunavyoifanya kazi hiyo, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuhama kutoka kwenye ubishi na kuingia kwenye uchunguzi. Ninachokishikilia ni hiki: ukihesabu vitu vilivyofanana na vilivyotofautiana hutaupata uaminifu wa filamu, hata ukijaza daftari zima. Utaupata ukitazama kile ambacho badiliko linamfanyia shujaa pale anapolazimika kuamua, na gharama anayoilipa baada ya kuamua.

Taja katuni unayoizungumzia

Kosa linaloharibu mabishano mengi ni kusema "katuni inasema hivi" kana kwamba katuni ni kitabu kimoja. Superman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938, katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics, akiwa kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster. Batman wa Bob Kane na Bill Finger alimfuata mwaka 1939. Tangu wakati huo wahusika hawa wamepita katika mikono ya waandishi na wachoraji wengi mno, wakiuawa na kufufuliwa, wakirudishwa ujanani, na mara nyingine wakianzishwa upya kabisa kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Wale waliokua wakimsoma Ndumilakuwili katika jarida la Sani walizoea mhusika anayebaki na tabia zake mwaka hata mwaka. Kwa mashujaa wa Marekani mazoea hayo hayatufikishi mbali.

Mtazame Nick Fury. Alipoanza mwaka 1963 alichorwa akiwa askari Mzungu. Mwaka 2002, katika mfululizo wa The Ultimates uliowasimulia mashujaa wa Marvel upya, mchoraji Bryan Hitch alimpa sura ya Samuel L. Jackson, mwigizaji Mmarekani Mweusi. Na mwaka 2008 Jackson mwenyewe akatokea mwishoni mwa filamu ya Iron Man akiwa ndiye Nick Fury. Anayesema kwamba filamu ilimbadilisha Fury anaisemea katuni ya 1963, na anayesema kwamba ilimchukua kama alivyo anaisemea ya 2002. Superman naye ana historia ya namna hiyo. Mwaka 1938 hakuwa akipaa angani. Alikuwa akiruka umbali mkubwa kisha akitua. Jiwe la kryptonite linalomwondolea nguvu lilisikika kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943, kabla halijaingia katika katuni. Kwa hiyo hata neno "asili" linahitaji mwaka pembeni yake.

Kabla ya kuwasha runinga, andika juu ya ukurasa wa daftari jina la jarida, namba ya toleo, mwaka, mwandishi na mchoraji. Kwa Spider-Man utaandika: Amazing Fantasy, toleo la 15, mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko. Ikiwa hujui filamu imetoka wapi, subiri majina ya mwisho, ambayo mabanda yetu hupenda kuyakatisha ili wateja wengine waingie. Humo mara nyingi hutajwa waliombuni mhusika, na kutoka kwenye majina hayo unaweza kulifuatilia toleo. Filamu nyingine huchota kutoka kwenye katuni mbili au tatu, na nyingine huchukua wazo tu. Logan ya mwaka 2017, kwa mfano, ilichukua kutoka kwenye katuni ya Old Man Logan picha ya shujaa aliyezeeka, aliyechoka, akisafiri kwa gari katika nchi iliyoharibika, lakini matukio yake ni mengine kabisa. Filamu ya namna hiyo usiipime kisanduku kwa kisanduku, kwa sababu haikuahidi jambo hilo.

Kuhusu kuzipata katuni zenyewe, nitasema wazi kwamba katika maduka ya vitabu niliyozoea kuyaingia hapa Mbeya na kule Iringa sijazikuta. Sisi tunasoma kwenye simu na kompyuta, au tunapokezana nakala moja iliyoletwa na ndugu aliyesafiri. Hadithi nyingi zilizotoka katika matoleo kadhaa hukusanywa baadaye kuwa kitabu kimoja, nacho ndicho kinachofaa kukitafuta.

Ondoa kwanza sauti iliyowekwa juu

Hapa nazungumza na wenzangu ambao, kama mimi, walizijua filamu hizi kupitia watafsiri wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya sauti ya awali. Ninawaheshimu sana watafsiri hawa. Wamewafungulia mlango wa sinema wazazi na babu zetu, na wengine wao wana kipaji cha usimulizi ambacho kingewafaa hata wasingekuwa na filamu mbele yao. Lakini mtafsiri ni mhamishaji wa pili: huongeza misemo, hufupisha mazungumzo, hutaja mitaa ya kwetu, na hueleza nia ya mhusika pale ambapo filamu yenyewe ilikuwa imenyamaza. Ukipima uaminifu kwa nakala hiyo, utamtwisha mwongozaji wa filamu maneno ambayo hakuyaandika.

Vijana wangu waliamini kwamba Ben Parker, aliyemlea Peter, kijana ambaye ndiye Spider-Man, ni mjomba wake, kwa sababu ndivyo walivyomsikia akiitwa. Ben ni ndugu wa baba yake Peter. Kwetu tofauti ya mjomba na baba mkubwa si ya jina tu, kwa kuwa anayekulea kwa upande wa baba huchukua nafasi ya baba mwenyewe, na kifo chake huacha deni la namna nyingine. Tulipolisahihisha hilo, kijana mmoja alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini Peter hawezi kujisamehe.

Kwa hiyo itazame filamu mara moja kwa raha zako katika sauti yoyote uipendayo. Mara ya pili itazame kwa sauti yake ya awali, yenye maandishi chini, ukiwa na daftari.

Soma picha pamoja na maneno

Mtu asiyezoea katuni hukimbilia maputo ya maneno na kuruka picha. Jizoeze kusimama kwenye kila kisanduku na kujiuliza mchoraji amekuonyesha nini ambacho hakuna mhusika aliyekisema. Tazama pia ukubwa wa visanduku. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka katika matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, imejengwa juu ya kurasa zenye visanduku tisa vinavyolingana, na mpangilio huo humfanya msomaji atembee polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayesikiliza saa ikihesabu. Unaposoma, mwendo ni wako. Unaweza kurudi ukurasa, ukatulia, ukalinganisha. Ndani ya sinema mwendo ni wa mwongozaji. Ndiyo maana filamu inaweza kunakili picha moja hadi kivuli chake cha mwisho na bado ikakuachia hisia tofauti.

Tafuta sababu ya badiliko kabla ya kulihukumu

Ukishaorodhesha tofauti, usizipe alama bado. Ulizia kwanza kwa nini kila moja ilitokea, kwa sababu sababu zenyewe hazilingani uzito.

Nyingine ni za muda tu, na hizo zisikucheleweshe: matoleo 12 hayaenei ndani ya saa mbili au tatu, hivyo wahusika watapunguzwa na safari zitafupishwa. Nyingine ni za zama. Iron Man wa mwaka 1963 alijeruhiwa na kutekwa Vietnam, kwa kuwa hiyo ndiyo vita iliyokuwa ikizungumzwa Marekani wakati ule; filamu ya mwaka 2008 ilimpeleka Afghanistan. Nchi ilibadilika, lakini kilichobaki ni tajiri mtengeneza silaha aliyejeruhiwa na silaha, mwenye vipande vya chuma karibu na moyo, akilazimika kujiokoa kwa akili yake. Kwa maoni yangu hilo ni badiliko la uaminifu mkubwa, kwani kama filamu ingembakiza Vietnam, mtazamaji wa 2008 angeiona historia mahali ambapo msomaji wa 1963 aliiona habari ya siku hiyo.

Zipo pia sababu za kisheria ambazo mtazamaji hazioni. Katika katuni ya Civil War, iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven kati ya mwaka 2006 na 2007, Reed Richards wa Fantastic Four ni nguzo ya upande wa Tony Stark, yaani Iron Man, katika vita vya mashujaa wao kwa wao. Katika filamu ya mwaka 2016, Captain America: Civil War, hayumo. Hadi mwaka 2019, Disney, wamiliki wa Marvel, waliponunua sehemu kubwa ya kampuni ya Fox, haki za kuwatumia Fantastic Four na X-Men katika filamu zilikuwa mikononi mwa Fox, hivyo waongozaji wasingeweza kumweka hata wangetamani. Spider-Man mwenyewe aliingia katika filamu ile kwa makubaliano na Sony, waliokuwa na haki zake. Kumlaumu mwandishi wa filamu kwa upungufu wa aina hii ni kumwonea.

Sababu ya mwisho nitakayoitaja ni heshima kwa watu wanaochorwa, na hapo Black Panther inatupa somo refu kuliko filamu nyingine yoyote. Nitairudia mbele.

Mahali ambapo mzani hulala

Wakazi wa Iringa watanielewa haraka nikitumia mfano wa nyumbani kwao. Chukulia kwamba mwalimu wa sekondari karibu na Kalenga anaandaa mchezo wa kuigiza juu ya Mtwa Mkwawa, akiwa na saa moja tu na wanafunzi 15. Anaweza kuziacha safari nyingi za Mtwa, anaweza kuwaunganisha wasaidizi wake watatu wawe mhusika mmoja, na anaweza kuyaonyesha mapigano ya Lugalo ya Agosti 1891 kwa dakika tano zenye ngoma na mikuki ya mbao, wala hakuna mzee atakayesimama kulalamika. Lakini akiandika kwamba mwaka 1898 Mkwawa alitoka mafichoni akajisalimisha kwa Wajerumani ili abaki hai, wazee watanyanyuka vitini, na watakuwa na haki, kwa kuwa kukataa kwake kukamatwa akiwa hai ndiko kunakoyapa maana yote yaliyotangulia. Historia si katuni, nami sizichanganyi. Ninachokiazima ni namna ya kupima. Kila hadithi ya shujaa ina uamuzi ambao ukiondolewa, jina hubaki na mtu huondoka.

Sasa turudi kwenye ubishi wa Mwanjelwa. Hadithi ya kwanza ya Spider-Man ina kurasa 11 tu. Ndani yake Peter Parker anapata nguvu, anajulikana kwenye televisheni, na kiburi kinamwingia. Mwizi anapita mbele yake akikimbizwa na askari, naye hanyooshi hata mguu kumzuia, kwa sababu ameazimia kwamba tangu hapo atajijali yeye peke yake. Baadaye mwizi huyo huyo anamwua Ben. Kosa la Peter katika kurasa hizo halina udhuru wowote, na ndilo linalomzaa shujaa.

Katika filamu ya mwaka 2002 Peter anaingia ulingoni akitarajia kulipwa dola 3,000, na mwandaaji wa mapambano anampa dola 100. Mara mwizi anamwibia mwandaaji huyo, naye Peter anampisha apite. Nimeitazama sehemu hii bandani zaidi ya mara moja, na kila mara watu hushangilia, kwa kuwa dhalimu amepata malipo yake. Badiliko hili ni zito kuliko la utando, ingawa hakuna kijana aliyelitaja. Filamu imempa Peter udhuru ambao katuni ilimnyima. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza kwenye daftari langu mwenyewe, nilitaka kuihukumu vibaya, lakini nilipoitazama tena niliona kwamba dakika chache baadaye Ben amelala barabarani, na sisi tulioshangilia tunajikuta tumo ndani ya kosa lile. Uamuzi umebaki, gharama imebaki, na mtazamaji ameshirikishwa. Hapo filamu imepita njia nyingine na kufika pale pale.

Lipo jambo jingine linalostahili kuangaliwa kwa makini. Yale maneno mashuhuri kwamba nguvu kubwa huja na wajibu mkubwa, ambayo kila mtu huamini ni ya Ben, katika katuni ya 1962 hayakusemwa na Ben. Yameandikwa katika maelezo ya msimulizi, kwenye kisanduku cha mwisho, baada ya Ben kufa. Filamu iliyatoa kwa msimulizi ikayatia kinywani mwa mzee, ndani ya gari, akizungumza na kijana anayemjibu kwa ukali. Kwa hatua hiyo, dhamiri iliyokuwa sauti ya mwandishi imekuwa wosia wa mzazi, na Peter ana sababu ya ziada ya kulia. Nalihesabu kuwa badiliko bora kuliko yote katika filamu ile.

Lakini mwongozaji huyo huyo, Sam Raimi, katika filamu ya tatu ya mwaka 2007, alieleza kwamba aliyempiga Ben risasi alikuwa mtu mwingine, Flint Marko. Hapo ndipo nilipoumia. Ikiwa mwizi aliyeachwa apite si yeye aliyeua, basi kamba iliyofunga kosa la Peter na kifo cha Ben imelegezwa, na kijana amebeba kwa miaka mingi hatia ambayo sasa ni ya kushirikiana na mtu asiyemjua. Vazi lilibaki, jiji la New York lilibaki, waigizaji walibaki, na bado hii ndiyo filamu iliyo mbali zaidi na zile kurasa 11. Utando haukuhusika hata kidogo.

Filamu inaponakili kila kitu

Watchmen ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Zack Snyder, ni jaribio gumu kwa mpimaji kwa sababu inafanana na katuni kuliko filamu nyingi za aina yake. Visanduku vingi vimehamishwa karibu kama vilivyo. Wapenzi wa katuni hulalamikia mwisho wake. Katika katuni, kiumbe mkubwa wa kutengenezwa huwekwa New York ili dunia iamini kwamba imevamiwa, na katika filamu lawama hutupiwa Dr. Manhattan, mhusika mwenye nguvu kuliko wote humo. Mimi badiliko hilo halinisumbui sana, kwani hila ni ile ile: mamilioni wanauawa ili mataifa yaache kupigana, na walio hai wanaombwa wanyamaze.

Kinachonisumbua ni mambo mawili yanayopita kimya kimya. La kwanza ni mapigano. Katuni inawaonyesha watu waliovaa mavazi ya ajabu, waliochoka na wenye vitambi, ambao ukatili wao unachukiza; filamu inapunguza mwendo wa picha ili kila ngumi ionekane nzuri, na mtazamaji anafurahia kitu ambacho msomaji aliambiwa akiogope. La pili ni meza ya magazeti. Katika katuni yupo muuza magazeti mzee na kijana anayekaa kando yake akisoma, nasi tunakutana nao toleo baada ya toleo, tukisikia malalamiko yao madogo, mpaka siku ya maangamizi wanapokumbatiana. Katika toleo la filamu lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema wawili hao karibu wameondolewa. Jiji linakufa, lakini hatumjui mtu hata mmoja ndani yake. Hesabu ya vifo imebaki, na gharama imepotea.

Filamu inapokiacha kitabu kwa makusudi

Kinyume chake ni Thanos, adui mkuu wa mashujaa wa Marvel. Katika The Infinity Gauntlet ya mwaka 1991, iliyoandikwa na Jim Starlin, anaiangamiza nusu ya viumbe vyote ili ampendeze Kifo, ambaye katika hadithi hiyo ni mhusika wa kike asiyemjali. Katika filamu ya mwaka 2018, Avengers: Infinity War, anadai kwamba viumbe ni wengi kuliko riziki iliyopo. Aidha, katika katuni maangamizi hayo hutokea katika toleo la kwanza kati ya sita, na katika filamu hutokea mwishoni. Kwa hiyo katuni ni hadithi ya kutafuta namna ya kurudisha kilichokwisha kupotea, na filamu ni hadithi ya watu walioshindwa kuzuia. Si tafsiri moja ya nyingine. Kilichobaki ni glovu ya nguvu, mawe yake na mlio wa vidole unaoleta maangamizi. Mimi naipenda filamu ile, na bado katika daftari langu nimeandika kwamba uaminifu wake ni mdogo; kupenda filamu na kuiona aminifu ni hukumu mbili, na anayezichanganya hujikuta akitetea kisichohitaji utetezi.

Black Panther inahitaji subira zaidi. Mhusika huyo, mfalme T'Challa, alitokea mwaka 1966 katika Fantastic Four, toleo la 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili Weupe waliokuwa wakiibuni nchi ya Kiafrika isiyokuwapo, Wakanda. Don McGregor aliandika hadithi ndefu zaidi ndani ya Wakanda katika miaka ya 1970, na humo ndimo Killmonger, adui wa mfalme, alimotokea. Mwaka 1998 Christopher Priest, mwandishi Mweusi, aliwaleta Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, ambao kwake walihesabiwa pia kuwa wachumba watarajiwa wa mfalme huyo. Filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018 ilichukua kutoka katika tabaka hizi zote na kukataa baadhi ya vitu kwa makusudi. Dora Milaje wakabaki walinzi na makamanda, habari ya uchumba ikaondolewa. M'Baku, mpinzani wa mfalme, ambaye katika katuni aliitwa kwa jina la kumfananisha na nyani, akavuliwa jina hilo. Ukipima kwa katuni hizo za awali utaona upungufu, lakini upungufu huo ni wa dhana za watu walioitazama Afrika kutoka mbali.

Killmonger ndiye kiini. Katika katuni ni Mwakanda aliyetolewa nchini kwake akiwa mtoto na kurudi na kisasi. Filamu imemfanya binamu wa mfalme, kwa baba zao kuwa ndugu, aliyeachwa Marekani baada ya baba yake kuuawa na baba yake T'Challa. Kisasi kimegeuka kuwa madai ya urithi, na T'Challa analazimika kuamua kama atalinda heshima ya marehemu baba yake au atakiri kosa lake. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo juu ya shamba la marehemu anaujua uzito wa uamuzi huo. Katuni haikuwa nao kwa namna hiyo, na filamu imeuongeza bila kumpotosha mfalme.

Kuhusu lugha, watu wa Wakanda kwenye filamu mara nyingine huzungumza Kixhosa wao kwa wao, jambo lililoanza katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016 kupitia mwigizaji wa Afrika Kusini, John Kani, aliyekuwa mfalme T'Chaka. Katika nakala zenye sauti ya mtafsiri Kixhosa hicho hufunikwa chote. Hiyo ni sababu nyingine ya kutazama mara ya pili kwa sauti ya awali.

Kuandika hukumu

Usitoe alama kumi kwa kumi. Andika aya moja yenye katuni uliyoitumia, badiliko unaloliona zito, sababu yake, na kilichotokea kwa uamuzi wa shujaa. Huu ni mfano tuliouandika pamoja baada ya jioni mbili za kazi:

"Tumepima Captain America: Civil War ya mwaka 2016 kwa katuni ya Civil War ya 2006 na 2007. Katika katuni, mlipuko wa Stamford unaoua zaidi ya watu 600 unaifanya Marekani iwatake mashujaa wajiandikishe kwa majina yao halisi. Katika filamu, nchi 117 zinawataka wawe chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Badiliko hili lina sababu ya msingi, kwani mashujaa wengi wa filamu hizi hawakuwa na siri ya majina ya kulinda. Lakini katika katuni Steve Rogers, yaani Captain America, akiwa karibu kushinda, anauona uharibifu ambao vita vyake vimewaletea raia, naye anajisalimisha. Katika filamu hajisalimishi. Anaidondosha ngao na kuondoka na rafiki yake. Katuni inauliza ushindi unamgharimu nani. Filamu inauliza rafiki ana thamani gani. Tunaiona kuwa hadithi nzuri yenye jina la hadithi nyingine."

Mmoja wa vijana alikataa kutia saini sentensi ya mwisho, tukaiandika pingamizi yake chini yake, kwa sababu hukumu isiyoruhusu pingamizi haitofautiani na ubishi wa bandani.

Kwa wanaotaka kuanza peke yao, napendekeza X-Men: Days of Future Past, kwa kuwa katuni yake ni fupi: Uncanny X-Men, matoleo ya 141 na 142, mwaka 1981, Chris Claremont na John Byrne. Katika katuni anayerudishwa nyuma ni Kitty Pryde, akili yake ya utu uzima ikiingia katika mwili wake wa ujana, ili kuzuia kuuawa kwa seneta. Katika filamu ya mwaka 2014 anayerudishwa ni Wolverine, naye anafika mwaka 1973 kuzuia kuuawa kwa mtengeneza silaha. Gawanya ukurasa sehemu tatu: nani anaijua kesho, nani anapaswa kumwamini, na anayerudi anaacha nini nyuma yake. Sisi tulizijaza sehemu mbili za kwanza kabla birika halijaisha. Ya tatu bado ina mistari miwili iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na Jumamosi ijayo tutaifungua tena.